Bunduki Iliyoandikwa Kasoro

Alhamisi, tarehe 20 Julai 2023, saa mbili na robo asubuhi, ndipo kila kitu kiliharibika. Saa naijua kwa sababu redio ya jirani ilikuwa imetoka kumaliza taarifa ya habari. Mke wangu Theodora alikuwa ameinamia rundo la vichwa vya alizeti anavipiga kwa fimbo. Fisi akatokea upande wa mbuga ya Wembere, mchana kweupe, anayumba kama katoka kilabuni, povu mdomoni. Alikuwa na kichaa. Hata mtoto angejua.

Mimi nilikuwa mbali, hatua mia mbili themanini hivi, juu ya kichuguu, na bunduki ya jumuiya ya wanyamapori mkononi, maana hiyo ndiyo kazi niliyopewa, askari wa wanyamapori wa kijiji. Nikapiga ya kwanza. Ikapita. Fisi akaanza kukimbia, na hakukimbilia porini.

Mimi ni mashoto. Kitako cha bunduki naweka bega la kushoto, na jicho la kushoto ndilo linaingia kwenye darubini. Sasa zile bunduki walizotugawia, bolti yake, kile chuma cha kuvuta ili ganda litoke risasi nyingine iingie, iko kulia. Mtu wa kulia anavuta bila kutoa jicho kwa mnyama. Mimi lazima niishushe begani, nipitishe mkono juu ya darubini, nivute, nisukume, niipandishe tena, halafu nianze upya kumtafuta mnyama kwenye kile kitundu. Ya pili ilimpata fisi. Ilimpata akiwa ameshafika kwa Theodora.

Hatukufika naye barabarani.

Watu walisema fisi wa mchana ana mwenyewe, tukamtafute kwa waganga. Mimi nilisema mwenye fisi simjui, mwenye bunduki namjua. Ofisi yake ina bati jipya na kiti cha kuzunguka.

Baada ya arobaini watu wa jumuiya wakaleta karatasi yao, wakaisoma kwenye mkutano wa kijiji mbele ya watu wote. Chanzo cha kifo: uzembe wa mpigaji. Basi. Maneno matatu. Binti yangu Rahel alikuwa amekaa mbele na shangazi zake. Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akaondoka. Ameolewa Mtinko. Tangu siku hiyo sijapata shikamoo yake. Nikipiga simu anapokea, anasema, "Nakusikia." Na kwetu, mtoto akikunyima shikamoo ni afadhali akutukane, tusi mtu unaweza kulijibu.

Kwa hiyo mwezi wa sita mwaka huu, Manase aliponiita ofisini, nilienda kama mtu anayeingia kwenye zizi la watu. Manase ndiye katibu wa jumuiya yetu ya wanyamapori. Umri wake ni wa kuzaliwa na mimi.

"Shikamoo mzee Gervas," akasema huku anaangalia simu.

"Marahaba."

"Mzee, mambo mazuri leo. Tumeamua kukupa bunduki yako mwenyewe. Ya mashoto. Bolti kushoto. Uchague kwa raha zako."

Karibu miaka miwili mtu huyu akiniona njiani anakumbuka shughuli nyingine. Leo nichague kwa raha zangu.

"Kwa nini leo?" nikamuuliza.

"Fisi wamerudi mbugani, mzee. Juzi wamekula ndama wa watu. Na vijana wetu hawa, zaidi ya hatua mia wanapiga mawingu. Wewe ndiye unayepiga mbali."

"Kumbe mzembe anapiga mbali."

Akacheka, cheko la ofisini lile, meno bila macho. "Mzee wangu, ungezaliwa kama wenzako tusingehangaika hivi."

Maneno hayo nimekua nayo. Darasa la tatu mwalimu alinifunga mkono wa kushoto kwa kamba ya katani kwenye dawati nijifunze kuandika na ule mwingine. Nilijifunza kutorudi. Nasoma polepole, kwa kidole, lakini nasoma. Wakubwa wanapenda kusahau hilo.

Noel, mtunza ghala, akaleta bunduki mbili, akazilaza mezani juu ya gunia. Zote bolti yake kushoto. Sijawahi kuona kitu kama hicho kwa macho yangu. Nilisikia tu zipo, kama mtu anavyosikia bahari ipo.

Ya kwanza ilikuwa mpya, nyepesi, mtutu mwembamba, inang'aa. Manase akaisukuma kwangu. "Hii imeingia wiki iliyopita, ya wahisani. Hata harufu ya kiwandani haijatoka. Chukua hii." Ya pili ilikuwa nzito, mtutu mnene, kitako cha mti mweusi. Manase alipoiona akamgeukia Noel. "Hii umeileta ya nini? Si nilikwambia moja?"

"Ulisema za mashoto, katibu. Za mashoto ni mbili."

"Hiyo ina kasoro. Irudishe."

Noel akanyoosha mkono. Mimi nikaweka wangu juu ya mtutu, polepole, kama mtu anayemzuia mbuzi.

"Kasoro gani?"

"Kasoro tu, mzee. Mambo ya ufundi."

"Mimi ndiye nitakayelala nayo kwenye umande. Nionyeshe kasoro."

Nikamwambia tukazipige zote, halafu nitachagua. Akasema risasi ni za kuhesabu. Nikamwambia basi mimi naenda nyumbani, na hao fisi awaandikie barua. Akaniangalia sana. Hapo nikajua shida yao ni kubwa kuliko ndama wa watu. Siku ile ile nilisikia kwa mwenye mgahawa kwamba wahisani wanakuja mwisho wa mwezi kukagua, na wameuliza habari za mama aliyeliwa na fisi na mume wake mwenye mkono wa kushoto.

Tulitoka nyuma ya ofisi, kunakoanza uwazi wa mbuga. Noel akaenda kupanga madebe matatu ya rangi, moja hatua mia, moja mia mbili, moja mia tatu. Upepo ulikuwa unatoka kulia, mdogo, wa kusogeza manyasi tu.

Nikaanza na ile nyepesi. Mtu asidanganywe na kung'aa. Bunduki ya kupiga mbali kwanza ikae. Hii ilikuwa inacheza na pumzi yangu, msalaba wa kwenye darubini unaruka kila moyo ukidunda. Kitako kifupi, darubini ikawa karibu mno na nyusi, na ilipolia ilinigonga. Debe la mia ikapata. La mia mbili ikagusa ukingo. La mia tatu nikaona vumbi pembeni. Mtutu mwembamba ukapata moto kwa risasi tatu tu. Ni bunduki nzuri ya kutembea nayo na kupigia picha.

"Umeona?" Manase akasema. "Mia mbili imepata. Inatosha."

"Inakutosha wewe uliyekaa kwenye kiti."

Nikachukua ile nzito. Kitako kikaja begani kama nilipimiwa. Shavu likalala kwenye mti, na jicho likakuta duara la darubini limejaa, halina kivuli pembeni. Kifyatulio kilikuwa chepesi, hakivutiki kwa kushtuka. Nikapiga la mia. Halafu mkono wa kushoto ukanyanyuka wenyewe, ukashika bolti pale pale ilipo, ukavuta, ukasukuma. Debe halikutoka machoni mwangu. Ganda likaruka kushoto, mbali na uso. Nikapiga la mia mbili. Nikavuta. Nikasogeza msalaba kulia kidogo kwa ajili ya upepo, nikapiga la mia tatu, likaanguka.

Noel akasema, "Mzee, hujavuta hata pumzi."

Nilikuwa nahesabu. Kati ya risasi na risasi, sekunde mbili. Siku ile na ile ya kulia nilitumia sita, labda saba. Fisi mwenye kichaa anakwenda wapi kwa sekunde tano? Nimeshatembea umbali huo mara nyingi, kutoka mahali alipokuwa mpaka kwenye rundo la alizeti. Naujua kwa nyayo.

Ndipo nikaigeuza bunduki kutafuta hiyo kasoro. Kwenye chuma cha kifyatulio palikuwa na kijikamba, na kijikamba kimeshika kadi ya ghala, imekunjwa, imegeuka rangi ya chai. Manase akasema, "Hiyo kadi nipe." Nikampa mgongo. Nikaweka kidole.

Tarehe ya kupokea: 6 Machi 2023. Hali: kasoro. Maelezo: bolti imefungwa upande usio wake. Isitolewe.

Nikasoma tena nikidhani nimekosea. Machi. Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai. Miezi minne na nusu bunduki hii ilikuwa ghalani, kilomita tisa kutoka kwenye alizeti zangu, imefungiwa kwa kosa la kufanana na mimi.

"Ni nani kaandika hapa?" nikauliza.

"Sio mwandiko wangu," Noel akasema haraka. "Mimi nimeanza kazi mwaka jana. Nilikuta hivyo, nikaambiwa mbovu zisiguswe."

"Uliambiwa na nani?"

Noel akaangalia viatu.

Manase akaingilia. "Mzee, tuwe watu wazima. Mtu wa ghala wa zamani hakuwahi kuona bunduki ya kushoto. Akaona bolti iko huku, akajua kiwanda kimekosea. Hata wewe ungeona mlango una bawaba upande mbaya ungesema fundi kalewa. Ni kutojua tu."

"Na barua yangu?"

"Barua gani?"

"Ya Januari ile. Dorkas wa ofisi ya kijiji aliniandikia, nikaweka dole gumba, ikaletwa hapa na kugongwa muhuri. Naomba bunduki ya mashoto. Januari naomba, Machi inakuja, nani aliiagiza kama barua haikusomwa? Na kama ilisomwa, ilikuwaje ilipofika ikaitwa mbovu?"

Akatoa kalamu mfukoni. Hilo ndilo jibu lake. Akafungua jalada, akanipa karatasi nitie saini. Nikaisoma yote, wakasubiri. Nimechagua silaha kwa hiari yangu. Sina dai wala lawama yoyote kuhusu silaha niliyotumia awali.

"Awali ni lini?" nikauliza.

"Ni maneno ya kawaida tu, mzee."

"Ya kawaida kwako. Kwangu ni mtu."

Nikamwambia nimechagua. Nimechagua ile nzito, nao waandike hivyo, bunduki nzito iliyopokelewa Machi. Karatasi yao siitii saini mpaka kadi hii isomwe kwenye mkutano wa kijiji kama walivyosoma ile ya uzembe, kwa sauti ile ile, na watu wale wale wamekaa. Nikafungua kijikamba nikaitia kadi kwenye soksi. Manase akasema nitakuwa nimeiba mali ya ofisi. Nikamwambia aandike na hilo, mwandiko wa kuandika makosa yangu wanao.

Bunduki ikarudi ghalani. Mimi sikurudi nyumbani, nilipanda bodaboda na basi mpaka Mtinko.

Rahel alikuwa anapepeta uwele mbele ya nyumba ya mumewe. Aliponiona alisimamisha ungo, akanivutia kigoda, na hakunisalimia. Mama mkwe wake akanisalimia kwa niaba ya nyumba nzima. Sikutaka maji. Nikampa kadi, nikamweleza mambo ya Machi, ya sekunde mbili na sekunde saba, ya debe la mia tatu, na kwamba wakubwa walikuwa na bunduki ya mashoto wakaificha, kwa ujinga au kwa makusudi, na kwamba ile karatasi ya maneno matatu ni uongo waliojikingia. Niliongea sana. Nadhani sijawahi kuongea na mwanangu kiasi kile tangu azaliwe. Kazi hiyo aliifanya mama yake.

Rahel alisoma kadi pande zote mbili. Uso ulilegea. Akapitisha kidole kwenye ile tarehe, kama ninavyosoma mimi.

"Kwa hiyo walikuwa nayo," akasema.

"Walikuwa nayo."

"Ungeivuta bila kumpoteza machoni."

"Ndiyo, mwanangu. Ya pili ingempata kabla hajafika."

Kuku wakaanza kula uwele uliomwagika na hakuna aliyewafukuza. Niliona midomo yake inataka kusema neno, nikajua ni neno gani, nikaweka mikono magotini kulipokea. Lakini akaiangalia kadi tena, akaikunja kwenye mikunjo yake ya zamani, akanirudishia kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu mzima.

"Baba," akasema, "ya pili nimeielewa. Ila ya kwanza ilikuwa tayari ndani ya bunduki, haikuhitaji bolti. Fisi alikuwa anatembea, na wewe ndiye unayepiga mbali. Kwa nini ya kwanza haikumpata?"