Huko Hupatikani

Mguu wa mumewe ulikuwa kiganjani mwake, umejaa povu la sabuni, simu ilipoita. Mama mkubwa Mwanaidi hakuuachia. Alibonyeza kwa kidole kikavu kimoja, akaweka sauti kubwa, na Faraji akajaa chumbani pamoja na ngurumo ya mitambo na vishindo vya masufuria. Faraji, mwanawe wa pekee, alikuwa mpishi kwenye meli ya watalii, zile zinazozunguka visiwa na watu waliolipa ili wasifanye kazi yoyote. Alisema kampuni imewaruhusu wafanyakazi kumleta mzazi mmoja, bure, safari nzima. Wangepandia Dar es Salaam, wapite Zanzibar na Komoro hadi Shelisheli, kisha warudi.

"Utapumzika, mama," alisema. "Mkishaiacha nchi kavu hakuna mtandao. Huko hupatikani."

Mama mkubwa akajibu kwamba atafikiri. Akausuuza mguu, akaukausha hadi katikati ya vidole kama alivyofundishwa hospitali, akaushusha taratibu juu ya shuka. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji, na nilichokiona ni mwanamke anayemwosha mgonjwa wake. Kilichompita moyoni dakika ile nilikuja kukijua baadaye, kwa kinywa chake mwenyewe.

Baba mkubwa Mhina alikuwa dalali wa mnadani. Kwao ni Misima, na shamba la mahindi na michungwa walikuwa nalo, lakini shamba lilikuwa la jembe la mkewe. Riziki yake yeye ilikuwa kooni. Hapakuwa na mnada wa ng'ombe upande wa Handeni usioijua sauti yake. Aliweza kumsimanga ng'ombe aliyekonda mpaka watu wakacheka, na wakiwa bado wanacheka wakamnunua. Nyumbani pia hakunyamaza. Alinadi wali ukiwa bado siniani, alinadi watoto wa jirani, na wageni wakija alimnadi mkewe, akipandisha bei mpaka mbinguni, halafu akatangaza kwamba huyu hauzwi. Wanawake walimwonea wivu mama mkubwa kwa ajili hiyo. Yeye alikuwa akisema kwamba hata kunadiwa kunachosha.

Kiharusi kilimkuta palepale kazini, fahali amesimama mbele yake na bei inapanda. Kilichukua upande wa kulia na karibu maneno yote. Wakahamia Korogwe, mtaa wa zamani ulio karibu na mto, ili hospitali isiwe mbali. Mimi, Ikram, ni mtoto wa mdogo wake mama mkubwa. Nilikuwa nimeachika na sina mtoto, hivyo ukoo ukaona nina nafasi. Nilikwenda kusaidia kwa mwezi mmoja, na mwaka wa tatu ukanikuta palepale.

Habari ya meli ilienea mtaani kabla nguo za siku ile hazijakauka, na kila mtu alikuwa na lake la kuonya. Jirani yetu Yusta, mtu aliyezaliwa kwenye kambi ya mkonge, alisema bibi yake aliletwa na meli kutoka kusini na alitapika mpaka akaomba kufa. Kaka yake, Castory wa bajaji, alikuwa amesikia kwamba mtu akifia huko hufungiwa chuma miguuni akatoswa. Ustadhi Sabiri aliuliza kwa upole mtu ataelekea wapi kuswali ikiwa nyumba yenyewe inazunguka. Mama mkubwa alizipokea sababu hizo kama chakula cha msaada, akawa anamtumia Faraji moja baada ya nyingine.

Faraji alizijibu zote. Kichefuchefu kina vidonge. Kibla kiko ndani ya simu. Maiti wana chumba chao chenye baridi, hakuna anayetoswa. Hilo alilisema akicheka. Ndipo mama mkubwa, kwa kuishiwa, akatoa lile ambalo angepaswa kuliacha. Akasema hawezi kula kwenye vyungu vinavyopikiwa nguruwe.

Kicheko kikamwisha Faraji.

"Vyungu hivyohivyo, mama," Faraji akasema, "ndivyo vinavyomtibu baba."

Akaaga kwa adabu zote, kama anayeagana na mama wa mtu mwingine. Wiki ile hakupiga tena, wala iliyofuata.

Mama mkubwa aliniambia ukweli siku moja asubuhi, uani, tukikamua shuka. Mimi nilishika ncha moja na yeye nyingine, kila mtu akisokota upande wake, maji yakitiririka miguuni.

"Ikram, mimi siogopi bahari."

Nikamwambia sikuwahi kuamini kwamba anaiogopa.

"Faraji aliposema kule sitapatikana, nilifurahi. Nikaona kwamba baba yake akifa nikiwa huko, watamzika siku hiyohiyo, nami nitakuja kukuta kaburi. Sitamwosha tena, hata ile mara ya mwisho. Nilikuwa nimemshika mguu, Ikram, na nikashukuru."

Shuka lilikuwa limekwisha kukamuka zamani, lakini tuliendelea kulisokota. Nami kuna asubuhi niliwahi kusimama nje ya mlango wa baba mkubwa nikisikiliza kama anapumua, nisijue hasa nilitaka kusikia nini.

Kisha wote wawili tukaliona dirisha. Lilikuwa wazi, na kitanda chake kilikuwa chini yake kabisa. Masikio yake kiharusi hakikuyagusa. Tulilijua hilo, daktari alitwambia. Lakini mtu asiyesema ukishamzoea unaanza kumchukulia kama hayupo, na sisi tulikuwa tumemzoea.

Mama mkubwa hakuingia chumbani mpaka wakati wa uji wa alasiri. Baba mkubwa alifumba mdomo, akakisukuma kijiko kwa mkono ule mzima. Kisha akaanza kulitafuta neno, na kulitafuta kwake kulikuwa kama mtu anayevuta ndoo kisimani kwa kamba fupi.

"Nenda," akasema.

Mama mkubwa akaanza kujieleza, maneno yakigongana. Alisema ni uchovu tu, alisema ni shetani, alisema mtu husema mengi akiwa anafua. Baba mkubwa akamsubiri amalize, yeye ambaye zamani hakuwahi kumsubiri mtu amalize lolote.

"Nenda. Na mimi... nipumzike."

Mama mkubwa akadhani anaomba ruhusa ya kufa. Akaweka bakuli sakafuni, akalia. Baba mkubwa akatikisa kichwa kwa hasira, kwa kuwa hakueleweka. Akaunyanyua mkono, akamgusa mkewe kwenye paji la uso, akashuka shavuni, akaishia kwenye kona ya mdomo iliyokuwa imeinama.

"Huu," akasema.

Ni uso ule uliomchosha. Ule wa subira, uliomwinamia kila asubuhi kama unaotazama chini kaburini. Mimi nilikuwa nauona kila siku na nilikuwa nikiuita huruma.

Jioni ileile mama mkubwa alimpigia Faraji akamwomba radhi kwa ajili ya vyungu. Akamwambia atakula samaki.

Ya melini alinisimulia kwa vipande, siku nyingi baadaye, tukiosha vyombo. Alisema siku za mwanzo alilala tu, alilala mpaka akajiogopa. Chai ililetwa na mtu ambaye hakumjua, na kitanda alikitandika mwenyewe haraka kila asubuhi kabla mtandikaji hajaja, kwa aibu. Wakati wa chakula wazazi wa wafanyakazi waliketi meza moja, wengi wao watu wa Mombasa na Lamu, na miongoni mwao Bi Maryamu, mama mcheshi aliyependa kujua ya watu. Ndiye aliyemwuliza bwana amemwacha wapi.

Mama mkubwa alifungua kinywa aseme kwamba yuko Korogwe, anaumwa. Akayaona maswali yote yanayofuata yamejipanga nyuma ya hilo: anaumwa nini, tangu lini, amebaki na nani.

"Ni marehemu," akasema.

Bi Maryamu akainua mikono, na meza nzima ikainua. Wakamsomea Fatiha pale pale, juu ya sahani za mapapai na mananasi, na mama mkubwa akaitikia amin pamoja nao. Alisema usiku huo hakulala vizuri kama siku za nyuma. Alisema vilevile kwamba pole walizompa zilikuwa tamu, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Kesho yake Bi Maryamu akakutana na Faraji kwenye ngazi, akampa pole ya baba. Faraji alimjia mama yake akiwa na aproni, mikono ina unga. Alikuwa na hakika kwamba baba amekufa na tumemficha, maana ndivyo tunavyowafanyia walio safarini. Mama mkubwa akaapa kwamba yu hai.

"Na angekuwa amekufa," Faraji akamwuliza, "ungeniambia nini tofauti na hicho?"

Ikabidi amwambie mwanawe yale aliyoniambia mimi kwenye shuka, na haya mapya ya mezani juu yake. Faraji alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono, akarudi jikoni. Walikuwa wameshaiacha Shelisheli, na mtandao wa kuhakikishia haukuwepo. Na kuanzia hapo, alisema mama mkubwa, ile bahari iliyompumzisha haikumpumzisha tena. Neno amelitamka, Fatiha imesomwa, amin ameitikia. Aliwaza atamwomba nani avirudishe.

Waliporudi Dar es Salaam walipiga simu yangu kabla hawajateremka ngazi. Korogwe umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na simu yangu ilikuwa imezima. Yule dada wa kwenye simu akawajibu kwamba namba haipatikani. Walirudia, akarudia. Faraji ilimbidi abaki, meli ilikuwa inapakia wageni wengine. Mama mkubwa akapanda basi peke yake.

Nyumba aliikuta tupu. Kitanda kimevuliwa shuka, godoro limeegemezwa ukutani. Hakwenda kumwuliza Yusta. Alikaa sakafuni karibu na kitanda kile, akajifunika kanga kichwani.

Ndivyo tulivyomkuta. Tangu mkewe aondoke, baba mkubwa alikuwa mtu mwingine, na mimi pia. Siku moja nilimwangusha njiani kwenda chooni tukajikuta wote wawili chini tunacheka, yeye kwa nusu ya mdomo. Siku hiyo asubuhi alikuwa amesema neno moja, "Mnada," nami nikalitoa godoro kitandani lipate hewa, nikamwita Castory atupakie kwenye bajaji. Kutwa nzima alikaa akimsikiliza dalali kijana na kumkunjia uso. Tulirudi tuna vumbi, tunanuka ng'ombe, Castory amembeba mgongoni.

Castory akamshusha mgonjwa kitini, akatutazama, akaaga upesi. Nami nilipaswa kutoka, nikabaki nimelishika godoro.

"Nilisema umekufa," mama mkubwa akamwambia mumewe kutoka pale sakafuni. "Waliniuliza, nikasema wewe ni marehemu."

Nilimwona baba mkubwa akilitafuta neno, na safari hii hakuwa na haraka nalo.

"Walisoma... Fatiha?"

"Walisoma. Meza nzima."

Akafikiri.

"Ilinifikia," akasema.

Sikujua, na mpaka leo sijui, kama alikuwa anamsamehe au anamwambia tu jinsi ilivyokuwa. Mama mkubwa hakumwuliza. Faraji humkaribisha melini kila mwaka, na kila mwaka mama yake humjibu kwamba bahari ilimchosha. Faraji humwacha. Majirani husema Mwanaidi mwoga wa maji, naye haoni sababu ya kuwabishia.

Siku ile ya kurudi aliivua kanga kichwani, akauficha uso ndani yake, akalia. Baba mkubwa akaniashiria. Nilidhani anataka maji. Alitaka nikigeuze kiti chake kielekee ukutani, mkewe alie bila kutazamwa.