Siku Boroon Alipopanda Mlimani

Turat alirudi na kamba mkononi, bila mbwa aliyekuwa amemtoa kuwinda.

"Jirani, mbwa wako ananidharau. Tumefika zizini tu, kageuka, huyooo!"

Mbwa mwenyewe, Boroon, alikuwa ameshamtangulia kuingia, amejilaza sakafuni na kuuelekezea ukuta uso wake mrefu. Taigani ni mbwa wa kukimbiza mawindo, na huyu hakuwa amekimbia tangu farasi alipoteleza kwenye barafu akamwangukia bwana wake, Jumadyl, na kumvunja nyonga. Mbavu zilimtoka. Mchuzi wa kondoo aliunusa tu, akauacha ugande.

"Basi nimpeleke kwa yule tajiri wa Bishkek anayemtaka," Turat akasema. "Atamfungia uani, sawa, lakini hatakufa."

"Nenda zako, Turat."

Kutoka kitandani, dirisha lilimwonyesha Jumadyl kipande kimoja tu cha mlima. Alikuwa amekikodolea macho majira yote ya baridi mpaka akakichukia.

Asubuhi alimwita mkewe, Batma. "Vaa koti langu. Na kofia."

"Kilichovunjika ni nyonga, mzee, au kichwa?"

"Vaa, we mwanamke! Atafuata harufu."

Batma akavaa, akacheka mpaka akashika ukuta. Miaka yote alikuwa amechuna mbweha walioletwa na mumewe. Kumwona mbwa akiwa mbioni, hakuwahi. Jumadyl akamfundisha: akae upande upepo unakoelekea, asimame pa juu, akishamwachia mbwa asimwite. Batma akajaribu mluzi, ukatoka kama birika linalochemka. Boroon akainua kichwa. Akamtazama Jumadyl, akalitazama koti.

Akatoka na koti.

Dirishani vikapita vitone viwili kwenye weupe, kimoja kinene, kimoja chembamba. Kisha fremu ikawameza. Jumadyl alishika mhimili wa kitanda ainuke awaone tena, walau kidogo tu. Mguu haukumkubali. Akaanguka juu ya zulia la sufu, na hapo akabaki, jiko likizimika taratibu, akisikiliza theluji ikidondoka kutoka paani.

Jua lilikuwa limeshainama Batma alipousukuma mlango, mbweha begani, mashavu mekundu.

"Mzee! Boroon kamkata kona mbweha kule bondeni, theluji inaruka, mimi napiga kelele kama mwehu… We! Unafanya nini huko chini?"

"Nimepumzika."

Akamwinua kwa kwapa, akamrudisha kitandani, na mdomo haukusimama. Jumadyl alizijua kona zote alizozitaja.

Boroon alilamba bakuli mpaka likasogea lenyewe sakafuni. Kisha akapita kando ya kitanda bila kusimama, akajilaza miguuni kwa Batma.

"Kesho tupande wapi?" Batma akauliza, akimkuna shingo.

Palikuwa na chemchemi isiyoganda, nyuma ya miamba, ambako mbweha hushuka kunywa. Jumadyl hakuwahi kumwonyesha mtu. Akamtazama mbwa.

"Nipe mkono," akasema mwishowe. Akaanza kumchorea njia kiganjani kwa kidole, pole pole, kama mtu asiyetaka kufika.