Mlango wa Futi Tano

Mtaani Malangali walikuwa wakisema kuku wa Josefina hupangusa miguu kabla ya kukatiza uani kwake. Ulikuwa utani, lakini utani wa watu wanaojua wanachokisema. Nyumba yake ilikuwa ya tofali mbichi na bati lenye kutu, sakafu ya udongo aliyoisiriba mwenyewe kila Jumamosi kwa miaka ishirini na mitatu, na ungeweza kumwaga ulezi chini ukauokota wote bila chembe ya mchanga. Sasa mpe mwanamke wa namna hiyo fundi ujenzi ndani ya nyumba, tena mwezi wa saba, upepo wa Ufipa unapovuma tangu asubuhi hadi jioni na ardhi yote imekauka. Halafu, juu ya fundi, mpe mgonjwa wa kifua.

Mgonjwa alikuwa Kalista, mtoto wake wa kwanza. Biashara zilipofunguliwa na kila mwenye miguu akaanza kuuza kitu, Kalista alikwenda Tunduma kuuza mitumba, na kwa miaka minne alileta nyumbani vitenge, sufuria na vicheko. Mwezi wa tano mwaka ule wa tisini na tatu alishuka kwenye basi na begi moja na kikohozi. Hospitali wakampa dawa, wakambadilishia dawa, mwishowe wakawaambia wazazi warudi naye nyumbani wamlishe vizuri. Majirani waliutaja ugonjwa ule kwa sauti ya chini wakiwa kisimani, na walipomwona Josefina anakuja na ndoo yake wakaanza kuzungumzia bei ya mahindi.

Josefina alisema ni kifua. Kifua kinapona, alisema, mtu akipata uji wa ulezi, maziwa na hewa safi. Uji na maziwa aliweza kuvitafuta. Hewa safi ilikuwa kazi ya ufagio wake, na hapo hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Aliamini, na msimcheke, kwamba akilizuia vumbi lisimfikie mtoto, mtoto atainuka.

Ndipo Wilibrodi, mumewe, alipotangaza kuwa anaifanyia nyumba ukarabati.

Wilibrodi hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mtunza ghala la ushirika mpaka ghala lilipofungwa, na tangu hapo aliongea kama mtu anayehesabu magunia. Saruji, alisema, siku hizi imelala tu madukani, haiombwi kwa kibali wala kwa kujuana. Atapiga lipu sebule, atamwaga sakafu ya saruji, na mlango wa mbele atauvunja auweke mpana. Josefina akamuuliza kwa nini sasa, mtoto akiwa kitandani. Wilibrodi akatazama kofia yake, akasema ameagiza makochi kwa seremala Nestory, na makochi hayapiti kwenye mlango ule.

Makochi! Josefina alikasirika siku mbili, siku ya tatu akaanza kuyapenda. Aliona kichwani mwake Kalista amepona, amekaa kwenye kochi na blanketi magotini, anapokea wageni. Akawaambia wanawake wa jumuiya baada ya sala ya Jumatano kwamba Baba Kalista ameagiza makochi, na wao wakasema vizuri, mama, vizuri, na hakuna aliyemtazama usoni.

Fundi Flavian alikuja Jumatatu na nyundo. Pigo la kwanza tu kwenye ukuta wa udongo, nyumba nzima ikajaa moshi mwekundu.

Hapo ndipo vita vilipoanza, na Josefina alivipigana kwa akili. Chumba cha Kalista kilikuwa kinafunguka sebuleni, kwa hiyo alitundika magunia mawili mlangoni na kuyalowesha maji kila saa ili yakamate vumbi. Chini ya mlango alisokota kanga ya zamani. Dirisha alilibandika magazeti kwa uji wa unga. Vyombo alivihamishia jikoni uani na kuvifunika kwa mashuka, maji ya kunywa aliyafunika mara mbili, na uji wa mgonjwa haukukatiza sebule bila kawa juu yake. Hakufagia pakavu hata mara moja. Alinyunyiza kwanza, akafagia taratibu akivutia nje, akapangusa kwa kitambaa kibichi, akakifua kitambaa, akarudia. Maji yote hayo aliyateka kisimani kwa kichwa chake. Flavian alimwomba angoje jioni afagie mara moja, maana fundi anavunja na mama anafagia, hawatauona mwisho. Josefina akamjibu kwamba vumbi halingoji jioni.

Na bado liliingia. Alikuta utando mwembamba juu ya rozari, juu ya kikombe, kwenye nyusi za mtoto. Kalista akikohoa, mama yake alikuwa akitazama ukuta kuona vumbi limepenya wapi.

"Mama," Kalista alimwambia siku moja, "acha kufagia. Njoo uketi."

"Nikimaliza hapa," Josefina akasema, na alikuwa anasema kweli. Hakuna uwongo mtamu kama ule ambao msemaji mwenyewe anauamini.

Wiki ya pili tundu la mlango lilikuwa wazi, limezibwa kwa turubai lililopigapiga upepo mchana kutwa. Flavian alikuwa akipima kwa kamba. Josefina, akiwa amepiga magoti na kitambaa chake, akamuuliza mlango huo utakuwa wa upana gani.

"Futi tano, mama. Milango miwili inayokutana. Nilimwambia mzee tatu na nusu zinatosha kwa kochi lolote, akasema nisipunguze hata inchi."

Josefina akaona ni nyingi mno. Kesho yake, akienda sokoni kutafuta dagaa, akapitia kwa Nestory seremala ayaone hayo makochi yanayotaka futi tano. Nestory aliacha randa, akamwamkia kwa heshima zote, akamkaribisha kwenye benchi. Josefina hakukaa. Akauliza makochi ya Baba Kalista yamefika wapi.

Nestory akafuta mikono kwenye suruali kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Akasema makochi hayajaagizwa. Mzee alikuja, ndiyo, mwezi uliopita. Aliuliza habari za mbao za mninga, akachagua sita, akaomba awekewe ndani zisilowe wala zisipigwe jua. Kochi hakulitaja. Baada ya hapo Nestory akainama, akaanza kuokota maranda chini, moja moja.

Nani asiyejua mbao sita za mninga, zilizowekwa pembeni zikisubiri, ni za nini? Josefina alitoka pale bila kuaga. Alisahau dagaa. Njiani akakumbuka mwaka wa sabini na nne, alipokuwa mke kijana bado, pale mkwewe, mama yake Wilibrodi, alipofariki katika nyumba ileile. Jeneza lilikataa kupita mlangoni na wachukuzi wake. Wanaume wakajaribu hivi na hivi, wakagombana, mwishowe wakaligeuza ubavu, na watu wote uani wakasikia mwili ukihama ndani na kugonga ubao. Wilibrodi alikuwa ameshika kona ya mbele. Tangu siku ile hajawahi kulitaja jambo hilo.

Nyumbani alimkuta Wilibrodi anachekecha mchanga. Akamsubiri Flavian aende kuchota maji, ndipo akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kwa sababu ya mtu aliyelala nyuma ya magunia.

"Mtoto bado anakunywa uji, wewe unampimia mlango."

Wilibrodi aliendelea kuchekecha mara mbili, tatu. Kisha akaweka chekeche chini.

"Mama yangu nilimtoa ubavu kama kabati," akasema. "Huyu sitamtoa hivyo."

"Huyu hatoki."

Josefina alitamani ampige, alitamani achukue nyundo aujenge ukuta upya kwa mikono yake. Lakini ukuta ulishavunjwa na upepo ulikuwa unaingia, na tundu, liwe la makochi au la nini, lazima lizibwe upesi. Kwa hiyo hakuna kilichosimama. Mume alirudi kwenye mchanga wake. Mke alichota maji, akalowesha magunia, akafagia kwa hasira ambayo hakuwahi kufagia nayo. Kila taka aliyoitoa nje aliiona ni neno la mumewe analitupa jalalani.

Jioni alipompelekea Kalista uji, mtoto alimshika mkono wenye kitambaa. Kiganja chake kilikuwa cha moto na chepesi.

"Nimewasikia," akasema. "Usigombane na baba. Nilijua tangu siku ya kwanza aliponitazama halafu akatazama mlango."

Josefina akamwambia anyamaze, anywe uji, atapona.

"Baba anasema akimaliza mlango atakuja kukaa na mimi. Wewe unasema ukimaliza vumbi. Mimi niko hapa, mama. Niko hapa sasa."

Josefina akaketi. Nataka msilisahau hilo, aliketi. Lakini aliketi kwenye ncha ya kigoda, kitambaa bado mkononi, na Kalista alipoanza kumsimulia habari za Tunduma, za mwanamke mmoja aliyeuza koti hilohilo mara tatu, mama mtu akaona gazeti la dirishani limebanduka pembeni na mstari wa vumbi unashuka ukutani. Alivumilia mpaka koti likauzwa mara ya pili. Kisha akainuka akabandike, mara moja tu, na alipogeuka Kalista alikuwa amefumba macho. Mwisho wa hadithi ile ya koti hakuna anayeujua hapa Sumbawanga mpaka leo.

Padre alikuja akampaka mafuta matakatifu. Sakafu ya saruji ilimwagwa, ikamwagiliwa, ikakauka. Alhamisi saa nne asubuhi Flavian alitia msumari wa mwisho kwenye fremu, akaifunga milango miwili ikakutana bila kuacha mwanya, akakusanya zana zake. Upepo ukabaki nje. Kwa mara ya kwanza katika wiki tano nyumba ilinyamaza.

Josefina alifurahi, na furaha ile ndiyo iliyomtesa baadaye kuliko kitu kingine. Alimwambia Kalista kupitia magunia kwamba imekwisha, anaosha sebule mara ya mwisho, wakati huu haitachafuka tena, halafu atakuja kuketi mpaka mtoto amchoke. Akamwaga maji, akasugua madoa ya lipu kwa gunzi la muhindi, akapangusa sakafu mpya kutoka ukutani kuelekea mlangoni. Katikati ya kazi akasikia anaitwa. Mara moja, wala si kwa sauti ya kulia.

"Nakuja," akasema. Ilikuwa imebaki kona moja.

Aliimaliza kona. Alisuuza kitambaa, akakikamua, akakianika. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akajifunga kanga safi. Alipoyainua magunia, Kalista alikuwa ameelekeza uso mlangoni, na kikombe, rozari na blanketi vilikuwa safi kabisa, na hakuwa anapumua.

Jeneza lilitoka Jumamosi. Wanaume sita, watatu huku na watatu huku, walipita bega kwa bega bila kugusa fremu, na Kalista alitoka amelala sawasawa, kichwa na miguu katika usawa mmoja. Watu waliona. Wazee waliokuwepo mwaka wa sabini na nne waliona zaidi. Wilibrodi alisimama kando ya mlango wake ameshika kofia, na alilia kwa sauti, mtu mzima yule, akisema hajakaa naye, hajakaa naye hata siku moja. Josefina alisikia. Hasira yote aliyokuwa nayo juu yake ikamtoka, maana hakuna jambo alilofanya mwanamume yule ambalo yeye hakulifanya. Kila mmoja alikuwa na kazi nyingi kwa ajili ya mtoto, na mtoto alikuwa peke yake chumbani.

Kwa desturi ya ukoo wao nyumba ya msiba haifagiwi mpaka matanga yaondoke. Siku tatu watu waliingia na kutoka na vumbi la barabarani, majivu ya moto wa uani yalipeperushwa ndani, maganda ya karanga yalikanyagwa kwenye sakafu mpya. Mama aliyelowesha magunia kila saa alikaa kwenye mkeka katikati ya uchafu huo na mikono mitupu mapajani, na wanawake waliomfahamu hawakuweza kumtazama.

Siku ya nne asubuhi Marsiana, dada yake Wilibrodi, alimletea ufagio mpya, kwa sababu anayeanza kufagia ni mama mwenye msiba. Josefina akaupokea kwa mikono miwili. Akavuka sebule bila kuigusa, akainua magunia yaliyokuwa yamekauka, akaingia chumbani. Vumbi lilikuwa limetanda sasa juu ya kitanda kitupu, juu ya kikombe, juu ya kigoda. Alisimama kidogo.

Nje Marsiana aliuliza kama alete maji ya kunyunyiza, watu wanasubiri.

Josefina aliulaza ufagio chini. Akavuta kigoda mpaka kikagusa kitanda, akakaa juu ya vumbi lake, akakaa vizuri, mgongo umeegemea ukuta.

"Ngoja kwanza, wifi," akasema. "Nimeketi."