Maua Manane

Klavdia Stepanovna alipofungua mlango na kuona maua mkononi mwa mzee, macho yake yalihesabu kabla mdomo haujakaribisha. Manane! Kwa Warusi, aliye hai hupewa maua ya witiri. Ya shufwa hupelekwa makaburini. Siku ya kuposwa binti yake wa pekee, analetewa maua ya maiti.

"Mama, kwao nane ni heri," Zoya alimnong'oneza. "Usianze."

"Kwani nimesema kitu?"

Hakusema, ila aliyatumbukiza kwenye ndoo ya kupigia deki, mlangoni palepale. Mzee Guan, babu yake Jingfu, mchumba wa Zoya, aliona, akapita ndani. Alikuwa amevuka mto Amur asubuhi hiyo kutoka upande wa Uchina. Kirusi alikijua, alifundishwa shuleni zamani, enzi nchi hizi mbili zikiitana ndugu, kabla hazijaelekezeana bunduki.

Chakula kikaletwa. Klavdia alikuwa amehangaika jikoni tangu alfajiri na mkate mnene uliojazwa samaki, samaki aliyemvua mwenyewe hapo Amur. Akamkatia mzee kipande cha katikati, cha heshima. Mzee akakisogeza pembeni taratibu. Jingfu naye hakugusa.

"Kula basi, mzee wangu. Au unadhani nimetia sumu?"

"Hapana, mama. Asante."

"Basi mnatudharau! Maua ya maiti mmeleta, chakula hamli. Kama hamuitaki harusi, semeni tujue!"

Zoya akaangua kilio. Jingfu akamgeukia babu yake. "Babu, mwambie tu. La sivyo namkosa."

Mzee akaweka uma chini.

"Ukoo wetu hauli samaki wa mto huu. Mwaka elfu moja na mia tisa, Wachina wa mji wenu walisukumwa majini na askari kwa mashoka na bunduki. Bibi yangu alikuwa msichana. Alivuka ameshika mkia wa farasi. Wazazi wake na wadogo zake hawakufika. Samaki waliwala." Akashusha sauti. "Sikutaka kuyasema mezani pako. Nimekuja kuposa, sikuja kufukua makaburi."

Klavdia akaketi. Shuleni hakufundishwa hayo. Lakini nyuma ya mzee ilining'inia picha ya babu wa babu yake Klavdia, askari wa farasi mwenye upanga na masharubu, na mwaka huo alikuwa hapahapa mjini. Tangu utotoni aliionea fahari picha ile. Sasa alishindwa kuitazama kwa aibu.

Akainuka, akauondoa mkate mezani. Akaenda mlangoni, akayatoa maua ndooni na kuyafuta mabua kwa aproni yake.

"Zoya, nipe koti."

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Twende wote mtoni. Maua haya yana wenyewe."

Ukingoni upepo ulikuwa mkali. Klavdia aliyatupa majini moja moja, kwa kila moja akifanya ishara ya msalaba. Mikono ilipobaki mitupu, alisema bila kugeuka, "Yule wa pichani alikuwepo."

"Nilimwona nilipoingia," mzee akajibu.

Klavdia alilia, wala hakujificha. Alikuwa amemwona, na bado akaketi kuposa chini yake!

"Harusini nitapika bata," alisema hatimaye.

"Bata nakula, mkwe."