Mkate wa Mbegu

Baruti hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na majirani, maana hata chumvi hakuweza kuomba bila kufoka. Alifokea ng'ombe, alifokea mvua, alifokea mlango ukikataa kufunguka. Nyumbani walishamzoea, kama mtu anayekaa jirani na mashine ya kusaga: mwisho sikio linaacha kusikia.

Siku hiyo sababu ilikuwepo. Tangu asubuhi alikuwa shambani na dereva wa lori la kiwanda, wakipakia ngano. Dereva alikuwa anadunga kila gunia kwa bambo, anachota punje, anazitafuna, anatema.

"Mbichi hii."

"Mbichi akili zako! Ngano imekauka mpaka inalia kama kokoto!"

"Basi bei itakauka nayo, mzee."

Baruti akaondoka akitukana hewa, akaenda nyumbani kuchukua sindano ya kushonea magunia. Kwenye bomba la maji uani akasimama. Saruji ilikuwa na madoa mekundu. Kando yake kuku wawili walikuwa wamelala chali, miguu imekakamaa. Akainama, akaokota chenga za ngano zilizomwagwa pale. Zilikuwa nyeupe, lakini ndani ya ule ufa wa tumbo la punje wekundu ulikuwa bado umejificha.

Mbegu zake za msimu ujao. Zilizopakwa dawa nyekundu ya wadudu.

Ndipo aliposikia harufu ya mkate. Akaingia jikoni kama nyumba inaungua.

"Nani kagusa ngano ya ghalani?"

Mkewe hakugeuka. "Haya, redio imewashwa."

"Nauliza nani!"

"Mimi. Jana nimeiosha, nimeianika, leo nimeisaga. Nikutajie na jiwe nililosagia? Kila mwaka napalilia mimi, napepeta mimi, halafu yote inapanda lori, na mimi nakwenda dukani kupima unga wenye dudu. Ngano yangu mwenyewe siijui ladha! Leo wanangu wakitoka shule watakula mkate wa jasho langu. Kaa ule, au toka ukafoke nje."

"Ina sumu hiyo!"

Mama yake Baruti, aliyekuwa mezani na kipande mkononi, akacheka. "Kwako kila kitu sumu, mwanangu. Juzi chai ilikosa sukari, ukasema sumu." Akakipuliza kile kipande, akakipeleka mdomoni.

Baruti akampokonya.

Mtu hampokonyi mama yake tonge. Bibi kizee alibaki na mkono hewani, vidole vimefumba kana kwamba bado vimeshika. Mkewe akanyanyuka na mwiko, uso umebadilika.

"Sasa umevuka mpaka, baba watoto. Mrudishie mama chakula chake."

Baruti akatoka, akarudi na wale kuku, akawabwaga mezani kando ya mkate.

"Wamekula chenga zako," akasema, kwa sauti ya chini hata wakalazimika kutega masikio.

Mwiko ukashuka. "Lakini nimeosha mpaka maji yakawa meupe."

"Rangi inatoka. Dawa haitoki. Mama, umemeza?"

"Bado. Nilikuwa napuliza. Meno yangu si unayajua."

Mkewe akaketi. Alipofungua mdomo hakikutoka kilio.

"Nilidhani ni rangi ya duka tu, ya kupendezesha biashara. Gunia lenyewe la unga, limeandikwa unga. Uliniambia?"

"Mifuko ya dukani ilipasuka, nikahamishia..."

"Uliniambia?"

Baruti akaanza kuukusanya mkate mezani.

"Kutwa kucha unasema," mkewe akaendelea, na sauti ilikuwa inapanda. "Mlango umeusemea, mvua umeisemea, majirani wote wanajua chai yangu haina sukari. La sumu ndilo ulilolinyamazia! Ningewazika wanangu kwa mkono wangu, na wewe ungesimama kaburini ukimfokea mchimbaji!"

Walichimba shimo refu nyuma ya choo. Mkate, unga na kuku vikaingia.

"Jiwe la kusagia?" mkewe akauliza.

"Nalo."

Lilikuwa la mama mzazi wa mkewe. Mkewe akalitupa mwenyewe, kwa nguvu, likapiga ukuta wa shimo kwa kishindo.

Honi ikalia shambani. Baruti akaenda, mkewe nyuma yake. Dereva alikuwa ameshafunga turubai.

"Shusha gunia moja."

"Mzigo umeshakuwa wa kiwanda, mzee."

"Shusha, kabla sijalishusha na wewe juu yake!"

"Mawili," mkewe akasema.

Dereva akamtazama Baruti.

"Umemsikia," Baruti akasema.

Akayapeleka kwa baiskeli, moja moja, mpaka mashineni. Kesho yake mchana nyumba ikanukia mkate tena. Watoto waliugombania ungali wa moto. Mke akamkatia mumewe kichwa cha mkate, kile kigumu kilichoungua, akakisukuma mbele yake. Baruti akakitafuna. Kilikuwa hakina chumvi kabisa.

Mama yake akakipuliza kipande chake, akasita, akamwangalia.

"Na hiki utaninyang'anya?"

"Kula, mama."

Mkewe alikuwa anamkazia macho, anasubiri. Baruti akavuta kikopo cha chumvi mwenyewe, akanyunyiza, akaendelea kutafuna.