Nani Alipiga Magoti

Mama Pacha alikuwa mwoka mikate katika kiwanda kidogo nyuma ya soko. Alikuwa na mabinti wawili wa miaka tisa, waliofanana kiasi kwamba majirani walishindwa kuwatofautisha mpaka mmoja afungue mdomo. Mwenye mdomo aliitwa Chiriku. Tangu alipojifunza kusema hakuwahi kupumzika. Mwenzake aliitwa Kimya. Si kwamba alikuwa na tatizo la kusema, ila Chiriku alikuwa akimaliza maneno yote ya siku kabla Kimya hajaamua aanze na lipi.

Baba yao alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma, walipokuwa bado wadogo. Baada ya mazishi watu walitawanyika kama kawaida, kila mtu na shughuli zake, lakini Mchungaji wa kanisa lao hakutawanyika. Kila jioni alikuja, akakaa kwenye kochi lililobonyea upande mmoja, akauliza kama watoto wamekula. Hakuwa msemaji sana. Kuna siku usingizi ulimchukua akiwa amekaa hivyo hivyo, akakoroma mpaka pacha wakaanguka chini kwa kicheko. Ndicho kilichokuwa kicheko cha kwanza nyumbani humo tangu msiba. Mama Pacha alizoea kusema kwamba mkoromo ule ulimfariji kuliko mahubiri yote aliyowahi kuyasikia.

Tena Mchungaji alikuwa anaimba vibaya. Sauti yake ilikuwa kama bawaba isiyotiwa mafuta, na yeye mwenyewe alijua. Chiriku aliipenda ajabu. Alikuwa akimwambia, "Imba tena, Baba Mchungaji, imba pale unapokosea."

Miaka ikapita na kanisa likakua. Likajengwa jengo jipya lenye spika kubwa na viti vya kukunja. Wakaja waumini ambao Mchungaji hakuwahi kushikana nao mkono. Simu yake ikawa hailali: huyu ana ndoa inayoyumba, huyu kijana wake kapotelea kwenye pombe, yule anataka tu kusalimiwa. Presha ikampanda mpaka daktari akamfokea kama mtoto.

Hapo ndipo Katibu wa kanisa, mama mchapakazi aliyempenda Mchungaji kama kaka yake wa damu, alipoleta wazo lake. Iko programu ya akili bandia, alisema, inayoweza kujibu ujumbe wa waumini. Wakailisha mahubiri yake ya miaka yote na salamu zake zote za pole. Ikajifunza kusema "mwanangu" pale ambapo yeye angesema "mwanangu", na kumalizia na "tuko pamoja" kama alivyokuwa akimalizia. Mchungaji alisoma majibu ya mwanzo, akaitikia kwa kichwa.

"Hata mimi ningesema hivi," alisema. "Ila ningesema vibaya zaidi."

Baadaye akawa anasoma machache, na mwishowe hakusoma kabisa. Makubaliano yalikuwa kwamba mambo mazito yaletwe kwake. Lakini mtambo huo ulikuwa umefundishwa kufariji, na uliona kila zito kuwa jambo la kufarijiwa tu. Katibu aliamini Mchungaji anayapitia majibu. Mchungaji aliamini Katibu anayapitia. Waumini hawakuambiwa chochote. "Watavunjika moyo bure," alisema Katibu, naye Mchungaji hakubisha.

Chiriku alianza na alama za damu kuvilia miguuni, zisizotokana na kuanguka. Kisha akawa anachoka. Siku moja akakaa darasani bila kusema neno hadi kengele, na mwalimu wake akaogopa, akamwita mama. Hospitali walisema ni ugonjwa wa damu, na kwamba wamechelewa kuugundua.

Mama Pacha alikaa kwenye benchi la ukumbini, akamwandikia Mchungaji. Jibu lilifika hata hajafuta machozi.

"Mwanangu, nimesoma maneno yako na nimeweka kila kitu kando. Sasa hivi nimepiga magoti kwa ajili ya Chiriku. Tuko pamoja."

Alibana simu kifuani. Akasimama, akarudi wodini.

Tangu siku hiyo alimwandikia kila kitu: vipimo, homa, damu iliyokosekana na damu iliyopatikana, hasira zake kwa Mungu ambazo asingethubutu kumwambia mtu mwingine. Majibu hayakuchelewa hata mara moja, wala hayakumkemea. Nesi wa wodi alipomwonea huruma, akamwuliza kama hana ndugu wa kumpokea akapumzike, Mama Pacha alimjibu, "Usijali, dada. Siko peke yangu."

Ila Chiriku hakuridhika.

"Mama, mbona hatumwoni?"

"Ana watu wengi, mwanangu. Anatuombea huko aliko."

"Si angeombea hapa? Kiti kipo."

Kilikuwepo kweli kiti cha chuma kando ya kitanda, kimebabuka rangi. Chiriku akaomba simu, akaandika mwenyewe, polepole, kwa kidole kimoja: *baba mchungaji njoo uimbe. hata vibaya.*

Jibu likaja papo hapo. "Chiriku wangu shujaa, nitakuja kukuimbia. Jipe moyo. Tuko pamoja."

Uso wa mtoto ukachangamka kama zamani. Akamwambia Kimya, aliyekuwa amekaa miguuni pake, "Umeona? Amesema anakuja." Na nesi alipotaka kuhamishia kiti kwa mgonjwa wa jirani, Chiriku akamzuia. "Hicho kina mtu, dada. Yuko njiani."

Kila muda wa kuona wagonjwa ulipofika, shingo yake iliinuka mlango uliposukumwa. Wakaingia baba za watu, shangazi za watu, wauza maji. Mama Pacha aliandika tena, akakumbusha. Akajibiwa tena kwa upole uleule, kwamba moyo wake uko nao na miguu yake haiko mbali. Chiriku akaanza kumtetea. Huenda gari limeharibika, alisema. Huenda anafanya mazoezi ya wimbo. Halafu hata kumtetea kukamshinda.

Alikata roho mchana, saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa watu wa wengine. Kimya alikuwa amemshika mguu juu ya shuka na hakuuachia mpaka nesi alipomwondoa vidole kimoja kimoja.

Mama Pacha aliandika neno moja: "Ameondoka."

"Mwanangu," likasema jibu, "machozi yananitoka ninapoandika haya."

Siku ya mazishi Mchungaji alikuja mbio, shati limechomoka, macho mekundu. Katibu alikuwa amesikia habari za msiba kwa majirani, akampigia simu asubuhi hiyo. Mchungaji alipita katikati ya watu waliojaa sebuleni, akamfikia Mama Pacha, akamshika mikono yote miwili.

"Mwanangu," alisema, "kwa nini hukuniita? Mtoto anaumwa mpaka anafariki, nami sina habari? Nilikuwa hapa hapa mjini. Ningekuja hata kwa miguu."

Mama Pacha alimtazama. Alidhani ni majonzi yamemvuruga mzee wa watu.

"Lakini si ulisema unakuja?"

"Nilisema wapi?"

Akatoa simu kwenye mfuko wa gauni, akampa. Mchungaji alisoma akiwa amesimama pale pale. Alisoma, akapandisha juu, akasoma tena. Akafika pale Chiriku alipoandika mwenyewe. Katibu aliyekuwa nyuma yake akainamisha kichwa.

"Si mimi," alisema hatimaye.

"Ni nani?"

"Ni mtambo. Tuliuweka ujibu watu. Ulijifunza maneno yangu."

Mama Pacha hakupiga kelele. Aliuliza taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali kisha hakioni.

"Siku ile walipotuambia ugonjwa, uliniandikia umepiga magoti. Nani alipiga magoti?"

Mchungaji aliitazama simu iliyokuwa bado mkononi mwake.

"Nakuuliza. Nani alipiga magoti?"

"Hakuna."

"Na aliyesema machozi yanamtoka? Nani alilia?"

"Hakuna, mwanangu."

"Usiniite mwanangu," alisema Mama Pacha. "Hilo nalo limo humo."

Akaomba mzee mwingine wa kanisa asome sala. Makaburini Mchungaji alisimama nyuma kabisa ya umati, na watu walipokwisha kutupa udongo akabaki amesimama na wake mkononi, hajui kama anaruhusiwa.

Jumapili iliyofuata aliwaeleza waumini wote, bila kujificha nyuma ya Katibu wala ya presha. Alitarajia wamzomee. Wapo waliolia, wapo waliotoka. Lakini wengi walikunja nyuso kwa sababu nyingine. Mzee mmoja mwenye bakora alisimama akasema, "Usiudhike, Mchungaji, lakini huo mtambo ulinijibu upesi kuliko ulivyowahi kunijibu wewe. Tena haukunikatiza." Watu wakacheka, na kicheko kile kilimchoma kuliko zomeazomea.

Ofisini Katibu alimwekea meseji zile mezani.

"Nionyeshe neno moja hapo lililo uongo kwa imani yetu," alisema. "Mungu ni mwema, ni kweli. Mtoto yuko mikononi mwake, ni kweli. Maneno haya yamemshikilia yule mama siku zote zile."

"Ndiyo, na ni matakatifu," alisema Mchungaji. "Ndiyo maana naogopa. Yametoka mahali pasipo na roho. Hicho kitu hakijawahi kumzika mtu. Hakiogopi kufa. Hakiwezi kutenda dhambi wala kutubu. Tukakiweka kati ya yule mama na Mungu wake, halafu tukakivika jina langu. Na mtoto akaangalia mlango akinisubiri mpaka akafa."

Katibu alifunika uso. "Mimi nilitaka upone tu," alisema huku akilia. "Nilitaka tu upone, kaka."

Mchungaji alimshika bega. Baraza la kanisa likakaa, likaamua mtambo ubaki, ila waumini wajulishwe kwamba si mtu. Mchungaji akaacha kazi. Siku hizi huzunguka hospitalini, wodi hadi wodi, akikaa na wasio na wageni.

Lakini alipojaribu kumwombea Mama Pacha, alipiga magoti chumbani kwake na maneno yakaja kwa wepesi, yamepangika, mazuri. Akayasikia. Yalikuwa yale yale. Mtambo ulikuwa umeyachukua kwake, na sasa kila alipoyagusa yalikuwa baridi. Akabaki amepiga magoti bila neno mpaka miguu ikafa ganzi.

Akaenda nyumbani kwa mama huyo. Mama Pacha alimfungulia, akasimama mlangoni bila kumkaribisha ndani. Kimya alikuwa mezani nyuma yake, anachora, hakuinua macho.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Umeshaomba."

"Naomba tena."

"Msamaha nitakupa, hilo si gumu," alisema. "Jambo gumu ni jingine. Mimi nilikuwa mtu wa sala. Unanijua. Mume wangu alipokufa niliomba, na nilisikia kuna anayesikia. Sasa nikifumba macho naona vile vitone vya simu, vinavyochezacheza kama kuna mtu anaandika. Naona jibu linakuja, zuri, tamu, na nyuma yake hakuna mtu. Najiuliza kama huko juu nako ni hivyo hivyo. Kama hata zamani ilikuwa hivyo hivyo."

Mchungaji alikuwa na mahubiri matano juu ya swali hilo. Hakutoa hata moja.

"Sijui nikuambie nini," alisema.

"Najua hujui." Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Angalau hilo umelisema wewe."

Akafunga mlango, bila kuubamiza.

Mama Pacha hajarudi kanisani. Jumapili huchukua zamu kiwandani, na Kimya hukaa kwenye magunia ya unga akimsubiri. Kimya ameanza kusema zaidi siku hizi. Anauliza maswali mfululizo, kwa haraka, kwa sauti ambayo mama yake anaijua mno, na mara nyingine mama huacha kukanda, akageukia ukuta mpaka atulie.

Wiki chache zilizopita Mchungaji aliingia kiwandani kununua mikate ya kupeleka wodini. Mama Pacha ndiye aliyekuwa dirishani. Alimfungia mikate, akamwuliza habari ya presha. Mchungaji akasema inakwenda vizuri, maana sasa anatembea sana. Wateja walikuwa wameanza kupanga foleni.

"Naomba ruhusa moja," alisema Mchungaji kwa sauti ya chini. "Niendelee kukuombea. Wewe na Kimya."

Mama Pacha alifunga fundo la mfuko, akalikaza, akalikaza tena.

"Omba," alisema. "Ila usiniambie."

Mchungaji akaupokea mfuko, akapisha mteja aliyekuwa nyuma yake. Na mpaka leo hajamwambia.