Punje Aliyoimeza Elick

Mume wangu Elick aliacha dawa kwa sababu ya heshima. Nikiwaambia hivyo watu wa hapa Nyakahura wananitazama kama nimerukwa na akili, lakini ndivyo ilivyokuwa, na hasira yangu mpaka leo haijapoa.

Ini lake lilipokufa, aliyempa kipande cha lake ni Bigirimana wa Murusagamba. Si ndugu wa tumbo moja. Ujanani walichanjana karibu na kitovu, wakapaka damu kwenye punje za kahawa, kila mmoja akameza ya mwenzake. Tangu hapo wakawa ndugu kuliko ndugu. Walisafiri pamoja hadi India, wakarudi wote wazima, na Elick akapewa vidonge vya kumeza maisha yake yote.

Miaka ikapita salama. Kisha alasiri moja, nikiwa uani napepeta maharage, Bigirimana akashuka kwenye bodaboda, mkono kwenye mbavu za kulia. Hata salamu ya amahoro hakutoa.

"Shemeji, mbona mnanifukuza?"

"Nani akufukuze? Hata kiti hujakalia!"

"Huku ndani," akasema, akizigusa mbavu. "Kuna watu wananisukuma."

Elick alikuwa shambani, mzima, macho meupe pe. Vipimo vyake vya mwezi ule vilikuwa safi. Nikamcheka shemeji yangu, nikampa uji. Alipoondoka niliingiwa na woga, nikafunga mlango mchana kweupe.

Mwaka uliofuata macho ya Elick yakageuka manjano, akawa anajikuna mpaka damu. Tukaenda Mwanza.

"Kila chembe ya mwili ina alama zake," daktari alisema. "Askari wa mwili wakiona alama ngeni, wanashambulia. Vidonge huwalegeza. Hawa wa kwako waliamka, wakatengeneza kingamwili dhidi ya ini la mwenzako, wakafanya kazi kimyakimya. Mirija midogo ya nyongo imetoweka mmoja mmoja. Uliacha dawa lini?"

Elick akainamisha kichwa. "Nimeze dawa kana kwamba Bigirimana ni mgeni kwangu? Huko si kumkana? Niliona ile punje ya kahawa yenye damu yake niliyomeza inatosha."

"Hao askari hawajui habari za kahawa," daktari akasema, bila kucheka. "Na walianza zamani. Kama mwaka hivi."

Nilikumbuka yale maharage, ile bodaboda, na mkono uliokuwa mbavuni.

Ini jingine halikupatikana. Bigirimana alitaka kutoa tena, madaktari wakamkatalia. Basi akahamia kwetu, akawa anampa Elick vidonge kwa mkono wake mwenyewe: "Meza, ndugu yangu. Mimi sichukii. Meza." Elick akameza vyote. Siku zile nilimpenda mno mume wangu, na nilitamani kumzaba kibao.

Asubuhi moja nilimkuta Bigirimana uani anaota jua, mgongo umenyooka, mkono hauko mbavuni tena.

"Shemeji, maumivu yamekwisha."

Nilifurahi, ole wangu. Nilipiga hata vigelegele. Nikadhani dawa zimewashinda wale askari, nikageuka nimwite Elick aje asikie.

Bigirimana akanishika mkono. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Usimwite," akasema. "Wameshanitoa."